Choo chenye mandhari ya bahari

Siku hizi kupata ramani ya nyumba ni rahisi kuliko kupata lori la mchanga. Unaingia Instagram, unapenda picha ya nyumba nyeupe yenye vioo kutoka sakafuni hadi kwenye dari, unamtumia muuzaji hela kwa simu, na ramani inaingia WhatsApp kabla hujamaliza chai. Vyumba vinne, viwili masta, sebule kubwa, paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya ukuta. Muuzaji hakukuuliza kiwanja chako kiko wapi wala kimeelekea wapi, na wewe hukuona ajabu.

Matokeo yake nimeyaona Salasala, Dar es Salaam, kwa jamaa yangu. Kiwanja chake kiko mteremkoni, na ukisimama upande wa nyuma unaiona bahari. Barabara na geti viko magharibi, bahari mashariki. Ramani aliyoinunua ilitaka sebule itazame geti, kwa hiyo sebule imetazama geti. Upande wa bahari vimepangwa stoo, kidirisha cha jiko na choo cha wageni. Choo hicho ndicho kilichopata mandhari bora kuliko chumba chochote cha nyumba ile, ila kioo chake ni kile kisichoonyesha, kwa hiyo hata humo bahari haionekani. Ikifika saa kumi jioni jua linaingia sebuleni mpaka kwenye makochi. Pazia zito linavutwa, taa zinawashwa, kiyoyozi kinaanza kuunguruma na kula umeme wa LUKU, na upepo wa bahari unaishia kwenye ukuta wa stoo.

Nilimuuliza fundi kama hakuliona hilo wakati wa kuchimba msingi. "Niliona, mzee," akaniambia. "Lakini bosi alisema nisihamishe hata tofali moja kwenye ramani." Simlaumu. Kajenga alichopewa, na kajenga vizuri.

Nyumba ya namna hiyo mimi siiti ya kisasa, hata ukiipaka kijivu na kuizungushia taa. Kwa jiji kama Dar es Salaam, usasa wa nyumba naupima kwa swali moja: saa nane mchana mwezi wa pili, mnaweza kukaa sebuleni bila kuwasha taa, bila kufunga pazia na bila mpita njia kuwahesabu? Nyumba nyingi mpya za Goba, Madale na Kigamboni zinafeli hapo, na zimejengwa kwa hela nyingi.

Jua la hapa halihitaji kubahatisha. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita linakaa upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linahamia kusini. Kwa pande zote mbili linakuwa juu sana, na jua la juu linazuiwa kwa upenu tu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Dirisha lenye urefu wa mita 1.2 kwenda juu lililo chini kabisa ya upenu likitazama kaskazini, upenu wa sentimita 70 hivi unalikinga na jua la saa sita hata mwezi Juni, ambapo jua limeenda mbali zaidi. Likitazama kusini, sentimita 40 zinatosha. Mashariki na magharibi hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni linakuja kwa chini na kupita chini ya upenu wowote. Ndiyo maana nyumba inafaa ijinyooshe mashariki kwa magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, na magharibi vikae vyoo, stoo na ngazi. Stoo ya jamaa yangu ilikuwa na nafasi yake halali, ila imepelekwa upande wa pili.

Upepo nao unatubeba. Kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, zote zinapita baharini kwanza. Na ratiba yake imetupendelea: kaskazi inavuma katika miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, wakati jua la mchana liko kusini kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho. Dirisha la kaskazini basi linapata upepo na kivuli kwa pamoja. Ila upepo unataka pa kutokea. Chumba chenye dirisha upande mmoja na mlango uliofungwa hakipati kitu, hata kama dirisha ni la milioni. Halafu kuna haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ambayo kila mtu anayataka: ya vioo viwili yanafunguka nusu tu, maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. Weka wavu wa mbu, weka nondo, kisha ushangae kwa nini pangaboi halizimwi. Zile luva, vibamba vya dirisha vinavyogeuka, za nyumba za zamani za Upanga tulizicheka bure. Zilikuwa zinafunguka karibu zote.

Kuhusu paa la kuficha nitasema kwa ukali kidogo. Sina ugomvi na sura yake. Ugomvi wangu ni kwamba limeondoa upenu, tena katika jiji linalopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Maji ya paa zima yanaelekezwa kwenye gata iliyofichwa nyuma ya ukuta. Majani mawili ya mwembe yakiziba tundu, masika yanahamia ndani kupitia kwenye dari la jipsamu. Ukuta wa nje nao unaloa na kuungua bila kinga. Ukilipenda sana, basi kila dirisha lipewe kofia yake ya zege. Nenda Mlimani ukaangalie majengo ya mwanzo ya Chuo Kikuu, kilipohamia pale mwaka 1964: mistari iliyonyooka, zege tupu, sura ya kisasa kabisa kwa wakati wake, lakini madirisha yamekingwa na watu wanatembea chini ya vivuli kutoka jengo hadi jengo. Waliochora walijua wako wapi.

Sasa faragha, ambayo ndiyo inayotuumiza zaidi. Tunanunua kioo kikubwa ili tuone nje, tunajenga ukuta mrefu ili wa nje wasituone, kisha tunatundika pazia kwa sababu jirani amepandisha ghorofa. Tumelipia vitu vitatu na mwisho wake tumekaa gizani. Wazee wa pwani walikuwa na akili ya kupanga. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, mgeni anapokelewa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, na njia ya kuingilia inapinda, kwa hiyo mlango ukiwa wazi aliye nje haoni watu wa ndani. Mwanga unaingia kupitia kiwanda, ule ua ulio wazi juu. Na nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina baraza mbele kwa ajili ya watu na ua nyuma kwa ajili ya wenye nyumba. Hakuna haja ya kuziiga sura. Ninachotaka kwao ni mpangilio: mlango usiotazamana na kochi, kioo kikubwa kifunguke kwenye ua wako mwenyewe, na upande wa barabara viwe vidirisha vya juu au ukuta wa matofali ya matundu unaopitisha hewa na kukata macho.

Najua jibu litakalokuja: kiwanja chenyewe ni mita 20 kwa 20, nigeuze nini? Hapo ndipo ua wa ndani unapolipa. Hata wa mita 3 kwa 4 katikati ya nyumba, wenye mti mmoja, unaweza kuvipa mwanga na hewa vyumba vitatu ambavyo vingetazama ukuta wa jirani. Wapo watakaosema ni kupoteza eneo. Eneo hilo hilo wengi wanalipoteza kwenye korido ndefu yenye taa inayowaka mchana. Na kama kiwanja cha jirani bado ni pori, chora ukiamini ghorofa litapanda, kwa sababu litapanda.

Kama ramani umeshainunua, usiitupe. Nenda nayo kiwanjani na fundi, mpige vigingi na kamba kufuata kuta zake, kisha weka kiti cha plastiki pale itakapokuwa sebule. Kaa saa nne asubuhi, rudi ukae tena saa kumi jioni. Angalia jua liko wapi, upepo unatoka wapi, na dirisha la nani linakutazama. Jua likikupiga usoni, jaribuni ramani ile ile ikiwa imegeuzwa kushoto kwenda kulia, au nyuma iwe mbele. Mkishapata mkao, mpelekeeni msanifu majengo aliyesajiliwa aichore upya kwa mkao huo kabla ya kuomba kibali manispaa.