Kwetu mwalimu mgeni anapewa ratiba na boksi la chaki, huku anapewa mtu

Wakuu habari za siku. Mi ni mwalimu, nimefundisha Tabora miaka sita na sasa hivi nafundisha hisabati huku Uingereza. Kilichonifanya niandike ni kile kinachotokea kila ajira mpya zikitoka nyumbani, watu wanabishana wiki nzima nani kapangiwa mjini nani kapelekwa porini, nani kajuana na nani, afu mwalimu akisharipoti kituoni mjadala umekufa. Wiki ya tatu yule mtoto wa watu anaendeleaje mbele ya darasa, hakuna anayeuliza.

Mimi nimekuwa mwalimu mgeni mara mbili kwahiyo naomba nisikilizwe kidogo.

Mara ya kwanza ni 2011. Nimeripoti asubuhi, mkuu wa shule kanipokea vizuri tu sina lawama, saa nne mwalimu wa taaluma kanikabidhi ratiba, vipindi 30 kwa wiki, hisabati kidato cha kwanza na cha pili, pamoja na zamu ya wiki inayofuata. Kitabu cha kiada kimoja, boksi la chaki, "karibu sana mwalimu". Basi. Kulikuwa na semina elekezi ya halmashauri, siku moja, tukaambiwa habari za maadili ya utumishi, likizo, bima, na kwamba barua zote zipitie kwa mkuu wako wa kazi. Muhimu kweli, sikatai, ila neno kufundisha sikulisikia siku ile mpaka tunasaini mahudhurio tukaondoka.

Mtasema si ulifanya BTP chuoni, yale mazoezi ya kufundisha. Nilifanya ndio, mhadhiri alikuja mara mbili, akakaa nyuma, akajaza fomu, akapanda gari. Na mwaka wangu wote wa matazamio (kwa wasio walimu, ile miezi 12 kabla hujathibitishwa kazini) mtu pekee aliyeingia darasani kwangu rasmi alikuwa mkaguzi, siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, na alichotaka kuona ni andalio la somo, azimio la kazi na madaftari yaliyosahihishwa. Nilivyokuwa mwepesi wa kujifunza, nikajifunza hicho hicho. Andalio langu lilikuwa safi, unaweza kulitundika ukutani! Wanafunzi 86, nusu hawajui ninachosema.

Aliyenisaidia alikuwa mzee mmoja wa Jiografia aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siku moja alisimama dirishani dakika kama tano akaondoka, baadae ofisini akaniambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "kijana, unaongea na ubao". Nikamwangalia. "Unaandika ubao mzima umewapa mgongo. Andika mstari mmoja, geuka, uliza, ndo uandike wa pili." Ndio hayo tu, sekunde 20, na yamenisaidia kuliko mihadhara ya saikolojia ya elimu niliyoibia usingizi. Hakuna aliyemtuma yule mzee, hakuna aliyempunguzia kipindi ili aje dirishani kwangu, na alipostaafu pengo lake hakuna aliyeliziba kwa sababu kwenye karatasi halikuwepo.

Sasa mara ya pili. Nikaja huku, nikahangaika na mambo ya vibali ambayo siyaelezi leo, nikafanya kazi ya msaidizi darasani, nikasoma PGCE (kozi ya ualimu ya huku kwa wenye digrii) mwaka mmoja, nikaanza upya nikiwa na miaka 37. Kwa England (Scotland na Wales wana utaratibu wao) tangu Septemba 2021 mwalimu mpya anakaa chini ya uangalizi miaka miwili, zamani ilikuwa mmoja. Mwaka wa kwanza anapunguziwa asilimia 10 ya vipindi, wa pili asilimia 5, na muda huo ni haki yake kisheria, mkuu wa shule hawezi kusema tu leo fulani kaumwa nenda kamfidie. Afu anapewa menta, yaani mwalimu mzoefu wa kumlea. Mwaka wa kwanza mnakaa karibu kila wiki, na menta naye anatengewa muda wake.

Kitu ambacho watu wengi wakisimulia habari za huku wanakiruka ni hiki, na kwangu ndo mzizi wa yote: menta sio anayekupima. Mwongozo wa serikali unataka wawe watu wawili tofauti isipokuwa pale inaposhindikana kabisa. Yupo mwingine anayekagua maendeleo na kuandika tathmini mbili, moja mwisho wa mwaka wa kwanza na nyingine mwisho wa pili, na msidhani ni mchezo maana ukifeli hiyo huna nafasi ya kurudia, unaweza kukata rufaa tu. Lakini menta wako hana kalamu hiyo. Unaweza kumwambia nimeshindwa na isiende popote.

Mimi nilichukua miezi kuelewa hilo. Menta wangu ni dada wa miaka 27, yaani mdogo wangu wa mwisho kabisa, na kikao cha kwanza akaniuliza kipindi gani kilikushinda wiki hii. Nikajibu vyote vimeenda vizuri. Nikamwonyesha maandalio yangu, safi kama kawaida yangu. Akatabasamu akanyamaza. Wiki iliyofuata swali lile lile, jibu lile lile. Mi kichwani mwangu huyu ni mkaguzi mwenye sura nzuri, nijaze vizuri nipite salama, OPRAS ya kizungu (zile fomu za kupima utendaji wa mtumishi).

Akaomba aje akae nyuma dakika 15. Baadae akanipa kikaratasi chenye vistari 11, nikamuuliza hivi ni nini, akasema ni mara ngapi umeuliza "mmeelewa?" na wakajibu ndio, na katika hizo 11 hujapata hata mara moja ya kujua nani hajaelewa. Ndugu zangu nilihisi baridi. Kwa sababu ile "mmeelewa? ndiyooo mwalimu" ndio ualimu wangu wote wa Tabora, ningeweza kuimba! Akanipa kazi moja tu ya wiki, moja, sio kumi: uliza swali, wote waandike jibu kwenye vibao vidogo wainue juu, usitaje jina la mtu kabla wote hawajaandika. Wiki nzima hiyo hiyo. Wiki ya tatu nikamwambia ukweli, darasa la Year 9 (watoto wa miaka 13 na 14) linanishinda na Jumapili jioni tumbo linaniuma. Hakushangaa.

Sitaki mtu aelewe kwamba huku ni peponi. Hapana. Mamenta wengine wamezidiwa kiasi kwamba kikao kinafanyika kwenye korido mkitembea, na zile kozi za kwenye kompyuta anazopewa mwalimu mpya nyingi ni marudio ya PGCE, unabofya ili liishe. Na pamoja na yote hayo takriban theluthi moja ya walimu wa England wanaacha kazi ndani ya miaka mitano. Mizigo ya makaratasi na vurugu za darasani menta haondoi.

Na nyumbani hatujakaa bure. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwangu ni wazo zuri kuliko semina za zamani ambapo mmoja anaenda mjini anarudi na begi na posho anawasimulia wengine. Walimu mnakaa hapo hapo shuleni kwenye jumuiya ya kujifunza, mnachagua mada ngumu, mnajadili. Tatizo langu ni kwamba mwalimu mgeni kwenye kile kikao anakaa pembeni na kuitikia, ataanzaje kusema mbele ya mkuu wa idara na wazee kwamba kidato cha pili kinamshinda? Afu kikao kikiisha hakuna anayemfuata darasani.

Mi ninachopendekeza ni kidogo. Ile miezi 12 ya matazamio tayari ipo, haihitaji sheria mpya. Iongezwe jina la mtu mmoja ambaye hatajaza fomu yoyote ya kumthibitisha, na kila mmoja wao, mgeni na huyo mlezi wake, apunguziwe vipindi viwili na vionekane kwenye ratiba ukutani, maana kisichokuwa kwenye ratiba kwetu hakipo. Najua jibu, walimu hawatoshi, tangu elimu bila ada 2016 madarasa yamefurika. Kweli, na shule yenye mwalimu mmoja tu wa fizikia nani atamlea? Lakini yule mzee wangu alikuwa wa Jiografia, hakujua hata nafundisha mada gani, aliona mgongo tu. Mambo mengi yanayomuua mwalimu mgeni sio ya somo. Na ya somo anaweza kupigiwa simu mwalimu wa kata ya jirani.

Mdogo wangu wa kike kapata ajira juzi juzi, sekondari, Baiolojia. Nilimpigia wiki ya pili, baada ya shikamoo kaka na habari za watoto nikamuuliza, kipindi gani kimekushinda wiki hii? Akasema viko vyote sawa kaka, namshukuru Mungu. Nikacheka nikamwambia mi sio afisa elimu, nitakuuliza tena Jumapili ijayo. Nikauliza. Vyote sawa. Jumapili ya nne nikakuta vois noti saa sita usiku, anaongea kwa haraka kama anaogopa atabadili mawazo: kidato cha pili B kaka, Ijumaa, kipindi cha saba.