Maneno yanayotupwa kabla ramani haijachorwa

Nimesoma makala nyingine ya bibliometriki (fani ya kuhesabu makala za kisayansi, maneno yake na marejeleo yake) kuhusu baridi yabisi ya uti wa mgongo, yaani ankilozingi spondilaitisi na ndugu zake, na nimeiweka chini nikiwa na hasira. Utaratibu ni uleule. Watafiti wanaingia Web of Science, hifadhidata ya makala za kisayansi, wanapakua makala kwa maelfu, wanazipitisha kwenye programu kama VOSviewer au CiteSpace, wanatoka na ramani ya maduara ya rangi, kila duara neno moja, likizidi kutajwa linazidi kuvimba. Kisha wanahitimisha: mada zenye maduara makubwa ndizo zinazovuma, kwa hiyo utafiti ujao uelekee huko.

Hiyo “kwa hiyo” siikubali. Watu wengi wakiandika juu ya jambo, tunachojua ni kwamba wameliandika. Pengine fedha zilikuwa huko. Pengine kulikuwa na dawa mpya inayosubiri kibali. Idadi ya makala haituambii mgonjwa anateseka na nini.

Nina rafiki mwenye ugonjwa huu. Nimewahi kulala kwake, na usiku wa manane nikamsikia akitembea sebuleni, huku na huku, kiganja kimebana kiuno, kwa sababu akilala maumivu yanazidi na akitembea yanapungua. Anayeujua ugonjwa angeshtukia hapohapo. Maumivu ya mgongo yaliyozoeleka hupoa ukipumzika. Haya yanachochewa na kulala. Rafiki yangu alipigwa danadana kwa miaka. Aliambiwa ni godoro, ni namna anavyokaa, ni mawazo. Na kwa kuwa ni mwanamke, hakuna aliyefikiria spondilaitisi. Hayuko peke yake: tafiti zilizojumlisha takwimu za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya dalili ya kwanza na siku ugonjwa unapotambuliwa hupita wastani wa miaka 7 hivi. Kwa kawaida ugonjwa huanza mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Hesabu mwenyewe ni sehemu gani ya ujana inayoliwa.

Sasa itafute hiyo miaka 7 kwenye ramani. Aliyewahi kutumia VOSviewer anakijua kile kisanduku: neno litokee mara ngapi ndipo liingie? Programu yenyewe huanza na 5. Makala zikiwa nyingi, mchambuzi hukipandisha ili maduara yasisongamane. Anabofya mara moja, na kila kilicho chini ya kiwango kinaondoka, hakibaki hata kama nukta. TNF, protini ya mwilini inayochochea uvimbe, ina jina moja linalojulikana dunia nzima, kwa hiyo inajikusanyia hesabu yote na kuvimba katikati ya ramani. Kuchelewa kutambuliwa hakuna bahati hiyo. Huyu anaandika “utambuzi uliochelewa”, yule “muda hadi utambuzi”, mwingine “kuchelewa kwa rufaa”. Asipotokea mtu wa kukaa na faili la visawe ayaunganishe, kila moja linahesabiwa peke yake na linaanguka peke yake. Uchovu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala, unaweza kuishia hivyohivyo. Halafu msomaji anatazama ramani, haoni kitu, anaamini hakuna kitu. Mfadhili naye anaisoma ramani hiyohiyo. Hili ndilo linaloniuma: tatizo halikuandikwa vya kutosha, likafutwa kwa sababu halikuandikwa vya kutosha, na kufutwa kwake kunakuwa sababu ya kutoliandika tena.

Marejeleo nayo yana kasoro yake. Anayeitaja makala ili aipinge anaiongezea hesabu sawa na anayeisifu. Vitabu vya zamani viliandika kwamba ugonjwa huu ni wa wanaume kumi kwa mwanamke mmoja. Leo tunajua kwamba hata wale ambao eksirei inaonyesha madhara ni kama wanaume wawili au watatu kwa mwanamke mmoja, na pale ambapo eksirei haionyeshi kitu, jinsia zinakaribiana. Hesabu ya marejeleo haitakuambia lipi kati ya hayo lilikuwa kosa.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba kazi hii ina faida. Inaonyesha vizuri jinsi fani ilivyosafiri: mwaka 1973 timu mbili, moja London na nyingine Los Angeles, zilipouhusisha ugonjwa na HLA-B27, alama ya kurithi, vigezo vya New York vya kuutambua ugonjwa vilivyorekebishwa mwaka 1984, dawa za kuzuia TNF mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha za kuzuia IL-17, protini nyingine ya uvimbe. Mwanafunzi anayeanza anaokoa muda mwingi. Kama historia, naipokea.

Wala wenye chombo hawakukaa kimya. Ludo Waltman, mmoja wa wawili waliounda VOSviewer, ni miongoni mwa walioandika Ilani ya Leiden mwaka 2015, inayotaka takwimu zisaidie uamuzi wa wataalamu na zisichukue nafasi yake. Wangapi wanaotumia programu wameisoma?

Ninachodai kinawezekana hata kesho. Kila makala ya namna hii iseme kiwango kilichowekwa kwenye kile kisanduku, na kwa nini. Ichore ramani zaidi ya moja, kwa viwango tofauti, tuone kinachotoweka. Wagonjwa waulizwe mambo yanayowatesa, na orodha yao iwekwe kando ya maneno yanayovuma, mstari kwa mstari, ili pengo lionekane na lipewe namba. Na maneno yaliyoachwa nje yachapishwe yote kwenye kiambatisho, ili rafiki yangu akikifungua aweze kutafuta usiku wake humo.