Tunapataka Nini Mule?

Kila mara kamati ya chama chetu cha watu wa mawasiliano wa vyuo vikuu inapoanza kukusanya mchango wa mwaka, swali ni lile lile, na huulizwa nje ya ukumbi, karibu na pikipiki: «Papa, tunapataka nini mule?», yaani tunapata faida gani humo. Anayeuliza si bahili. Ni mtu wa mawasiliano katika chuo kimojawapo hapa Lubumbashi. Anapiga picha siku ya kutoa shahada, anaandika hotuba, anabandika matangazo ubaoni, na usiku anajibu maswali ya wanafunzi kwenye Facebook kwa kifurushi cha intaneti alichonunua mwenyewe. Anataka kujua pesa yake inamrudia kwa njia gani. Nasi tulio ndani ya chama tumezoea kumjibu kwa maneno makubwa: mshikamano, heshima ya taaluma, mtandao wa wenzako. Maneno hayo hayanunui kifurushi.

Kwa maoni yangu, chama cha watu wa mawasiliano wa vyuo vikuu kipimwe kwa kile ambacho mwanachama anakitumia ofisini kwake siku ya kazi, na hasa siku mbaya ya kazi. Karamu ya Desemba, fulana zenye nembo, vyeti vya ushiriki, hayo ni mapambo. Nayapenda, na fulana ya mwaka juzi bado naivaa, lakini tusiyaite faida.

Mwangalieni mtu mwenyewe jinsi anavyofanya kazi. Katika vyuo vyetu vya serikali, kwenye komite ya uongozi utawakuta rekta (mkuu wa chuo), katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Mtu wa mawasiliano hayumo. Anaitwa uamuzi ukiwa umeshapita, tena kwa simu ya sekretari: njoo na kamera. Hakuwapo ada zilipopandishwa, lakini ndiye wanafunzi watakayemwuliza kwa nini zimepanda. Wengi wetu hatukusomea kazi hii. Yupo aliyekuwa msaidizi katika kitivo cha sheria, yupo aliyekuwa akipiga picha za harusi, yupo aliyeteuliwa kwa kuwa Kifaransa chake hakina makosa. Wapo pia ambao mpaka leo hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wanaishi kwa posho ya chuo na kwa ahadi. Hilo la mishahara ni la sendika, yaani chama cha wafanyakazi; chama chetu hakitaliweza na kisijidanganye. Lakini kuna tatizo jingine ambalo ni letu kabisa: mtu huyo yuko peke yake. Profesa wa fizikia ana profesa mwenzake wa fizikia mlango wa pili. Mtu wa mawasiliano hana wa kumwonyesha tangazo kabla halijatoka na kumwuliza, «Hapa nimekaa sawa?» Wenzake wapo, ila wapo vyuo vingine. Sioni sababu nyingine kubwa ya kuwa na chama.

Chukua mageuzi ya LMD, yaani mpangilio mpya wa lisansi, masta na doktora. Yalipoingia katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, mpangilio mzima ulibadilika. Zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya graduati, ngazi ya kwanza, kisha miwili ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka mitatu, masta miwili, halafu doktora. Mama wa Katuba, mojawapo ya komini (manispaa) za mji huu, aliyemsomesha mtoto wa kwanza miaka mitano hadi akapata lisansi aliambiwa mdogo wake ataipata kwa mitatu. Akadhani chuo kimeanza kuuza diploma. Simlaumu, kwa sababu maelezo niliyoyaona mimi kwenye mbao za matangazo yalikuwa Kifaransa cha wizara, aya ndefu zenye namba za amri, na kila chuo kilijieleza kivyake. Karatasi moja ya Kiswahili, kurasa mbili tu, yenye maswali ambayo wazazi huuliza kweli getini, ingevifaa vyuo vyote vya mji huu. Watu watatu wangeiandika kwa jioni mbili. Kila mwanachama angeweka nembo ya chuo chake juu na kuipeleka kwa rekta siku ya Jumatatu. Rekta angeuliza, «Umeitoa wapi?» Jibu la swali hilo lingekitangaza chama kuliko bango lolote tulilowahi kuchapisha.

Na msimu wa uandikishaji je? Kila mwaka zinazuka kurasa bandia zenye nembo ya chuo, picha ya jengo, na namba ya Airtel Money au M-Pesa ya kulipia «nafasi» kabla ya Ijumaa. Chuo kinatoa kanusho lenye mhuri, kinalibandika kwenye ukurasa wake, na wanaolisoma ni wale ambao tayari wanaufahamu ukurasa wa kweli. Wiki inayofuata tapeli yule yule yuko chuo kingine, na maandishi ni yale yale, hata kosa la tahajia halijasahihishwa. Kila mmoja wetu anapambana naye kana kwamba ni wa kwetu peke yetu. Orodha moja ya kurasa na namba halali za vyuo vyote, inayopelekwa kwa redio za mji kabla uandikishaji haujaanza, ingemfungia njia kuliko makanusho kumi. Gharama yake haifiki hata ya keki ya karamu.

Siku mbaya zaidi ya hizo ni ile ya vurugu. Lubumbashi inajua chuo kinafikia wapi kikikosa sauti ya kuaminika. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya chuo kikuu chetu. Mpaka leo hakuna idadi ya waliokufa inayokubaliwa na wote. Ile iliyotolewa na serikali ya Mobutu na zile zilizotajwa na watetezi wa haki za binadamu hazikaribiani hata kidogo. Sisemi kwamba mtu wa mawasiliano angezuia bunduki, wala kwamba chini ya utawala ule angeruhusiwa kusema alichokiona. Nasema tumerithi mji ambao ukisikia tamko rasmi kutoka Kasapa, iliko kampasi hiyo, kwanza unampigia binamu anayelala kule. Bweni likishika moto leo, au wanafunzi wakiteremka mjini kwa ajili ya ada, mwenzetu anaanza kazi akiwa na deni la imani ambalo hakulikopa yeye. Anaandika mistari mitatu peke yake saa nne usiku, umeme umekatika, simu ina asilimia chache, rekta anataka neno «utulivu» liwemo na mtaani kila mtu anaona moshi.

Mtu huyo hahitaji semina ya siku tatu hotelini kuhusu mawasiliano ya dharura. Anahitaji namba mbili za simu: wenzake wawili waliowahi kupita hapo, ambao wiki hii ni zamu yao, watakaosoma mistari yake mitatu na kumwambia, ondoa «utulivu», taja saa, taja waliojeruhiwa ikiwa hospitali imethibitisha, sema utarudi na taarifa saa ngapi. Wawe wameapa kutoitoa siri hiyo nje. Huduma hiyo peke yake ningeilipia mchango wa mwaka mzima bila kuuliza karamu itafanyika wapi.

Ipo faida nyingine isiyo ya dharura, na naiona tunaiacha ikioza. Vyuo vyetu vina watafiti wanaojua mambo ambayo mji huu unayaishi. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha katika jarida la The Lancet Planetary Health utafiti kuhusu uchimbaji wa madini na kasoro za kuzaliwa nazo, uliofanyika hapa hapa Lubumbashi. Waliona kwamba kasoro hizo zinahusiana na kazi ya baba: uwezekano ulikuwa mkubwa zaidi pale baba alipofanya kazi zinazohusu madini. Katika mji uliojengwa kwa shaba, ambako sasa kobalti nayo inawalisha wengi, hiyo si habari ya maktaba. Ni habari ya mtu wa komini ya Ruashi anayerudi nyumbani jioni na nguo za kazi, akambeba mtoto kabla hajanawa.

Lakini kuisema kwa Kiswahili redioni kunataka uangalifu. Ukisema «migodi inaleta vilema», umewatia wazazi hofu na kuwapa majina mabaya watoto, tena umesema zaidi ya walichosema watafiti, maana kuhusiana si kusababisha. Ukikaa kimya, umewanyima watu habari inayowahusu wao kuliko wasomaji wote wa jarida lile. Mtu mmoja wa mawasiliano, hata awe hodari vipi, ataogopa jambo hilo na kurudi kwenye picha za ziara ya waziri. Wakiwa sita, mmoja amezoea mambo ya afya, mwingine anawafahamu watangazaji, mwingine Kiswahili chake ni cha Kenya kabisa (komini yetu, siyo nchi ya jirani), wangekaa na watafiti mchana mmoja na kutoka na maelezo ya dakika tano ambayo kila redio inaweza kuyasoma. Halafu wangeweka daftari la wataalamu wa vyuo vyote: nani anajua maji, nani anajua mahindi, nani anajua sheria ya ardhi, na nani kati yao anaweza kuongea Kiswahili hewani bila kukimbilia Kifaransa kwenye sentensi ya pili.

Hapo kuna suala la bahasha, na afadhali nilitaje. Waandishi wa habari wanazoea kupewa pesa ya usafiri, «coupage» kama tunavyosema, na bila hiyo habari ya chuo huenda isitoke. Mwenzetu ambaye bajeti yake ni sifuri anashindwa. Siamini tutaufuta mtindo huu kwa azimio. Ila mwandishi aliye na daftari la wataalamu wanaopokea simu atakupigia yeye mwenyewe, kwa kuwa umemrahisishia kazi. Bahasha haitaisha, itapungua uzito.

Wanaotaka tuige vyama vya nje nawaunga mkono nusu. CASE, chama cha vyuo chenye makao yake Washington, kiliundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha chama cha mambo ya wahitimu na chama cha mahusiano ya umma ya vyuo. Kule mwanachama ni taasisi: chuo kinalipa, wafanyakazi wake wananufaika. Hilo tuliige hata kesho. Ada ikitoka mfukoni mwa mtu ambaye posho yake imechelewa, tunakusanya uchungu. Ikitoka kwenye bajeti ya chuo, rekta naye ataanza kuuliza chuo kinapata nini, na swali lake litatunyoosha. Tusichoweza kukiiga ni ule mzigo mzima wa kuchangisha wahitimu, kwa sababu vyuo vyetu havina mazoea hayo, vinaishi kwa ada za wanafunzi.

Najua hoja ya wapenzi wa karamu: bila sherehe, marekta hawatatuona. Ina ukweli. Tuzo ya tangazo bora, ikitolewa mbele ya marekta waliokaa safu ya kwanza, inaweza kufungua mlango ambao barua kumi hazikuufungua. Basi ifanyike mwaka mmoja na kupumzika mwaka mmoja, katika ukumbi wa chuo, si hotelini. Kikundi chetu cha WhatsApp nacho kigawanywe: kimoja kibaki cha rambirambi, kadi za harusi na aya za asubuhi, kingine kiwe cha kazi tupu. Hesabu zisomwe mkutanoni kwa sauti. Sina la kuongeza hapo.

Kuna pia hamu ya kutanuka, tuwafuate wenzetu wa Likasi, Kolwezi, Kalemie, tujiite chama cha taifa. Naona ni haraka. Idadi ya wanachama inapendeza kwenye barua ya kuomba ufadhili, lakini mtu wa Kalemie akijiunga na kukuta fulana tu, tumempoteza kwa muda mrefu. Akina mama wa soko la Kenya hawakumbushani kulipa likelemba, mchango wa kupokeana kwa zamu. Kila mmoja anaijua siku yake ya kupokea, na ameona kwa macho mwenzake akipokea jana. Chama chetu kinadai kila mtu alipe, na hakuna aliyeona mwenzake akipokea.

Kwa hiyo mkutano mkuu ukifika, nitaomba jambo moja liwekwe kwenye ajenda kabla ya bajeti ya karamu: kamati isome orodha ya vitu ambavyo wanachama walivichukua chamani mwaka huu wakavitumia ofisini, na nani alikitumia kipi. Ikiwa orodha ina kitu kimoja tu, tutakuwa na mahali pa kuanzia, na karatasi ya LMD ya Kiswahili najitolea kuiandika mimi na yeyote atakayenipa jioni zake mbili. Ikiwa haina kitu, basi ada ya mwaka ujao isiitishwe mpaka orodha hiyo ipate kitu.