Rola itikise au isitikise katikati ya nyumba?

Ujenzi wa barabara ukiingia mitaa iliyobanana kama Manzese au Tandale, jijini Dar es Salaam, ugomvi huanza siku rola, mtambo wa kushindilia udongo, inapowasha mtikisiko. Vyombo vinagongana kabatini, mwenye nyumba anatoka nje kukagua nyufa. Anachodai ni kimoja: zimeni mtikisiko, rola ipite kwa uzito wake tu.

Mhandisi anayekataa kuuzima ana hoja nzito. Sehemu kubwa ya Dar imekaa juu ya mchanga, na mchanga haushindiliki vizuri kwa kukandamizwa peke yake. Ngoma ya rola, lile gurudumu pana la chuma, ikitikisika mara 30 hivi kwa sekunde, chembe huachiana kidogo, zikajipanga upya na kuziba nafasi za hewa. Rola ya tani 10 iliyozimwa mtikisiko inabana juu, chini panabaki pamelegea. Masika mawili yakipita, bajaji zinaanza kukwepa mashimo. (Udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine, huo unataka rola ya meno.)

Lakini mwenye nyumba simwoni mkorofi hata kidogo. Tofali zenye saruji haba, msingi mfupi, lenta (mkanda wa zege ukutani) hakuna: ukuta wa namna hiyo hauvumilii mengi. Tena mtetemo mbaya zaidi mara nyingi hutokea wakati wa kuwasha na kuzima, pale kasi ya mtikisiko inapopanda au kushuka na kulingana na kasi ambayo ardhi yenyewe hutikisika kiasili. Opereta anayegeuzia mbele ya mlango uleule anaiumiza nyumba ileile kutwa nzima.

Naegemea kwa wakazi, ila kuzima tu hakutoshi. Tabaka la sentimita 20 ligawanywe mawili, boza limwage maji ya kutosha, rola ndogo au ya matairi ipite mara nyingi zaidi, kisha fundi wa maabara apime kama msongamano wa udongo, yaani jinsi ulivyoshikana, umefika kiwango cha mkataba, ambacho mara nyingi ni angalau asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopatikana maabara kwa udongo huo. Hayo yanakula mafuta na siku. Mkandarasi aliyepiga bei akiwaza rola kubwa hawezi kuyabeba kwa hiari, kwa hiyo yaandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo. Pamoja nayo ziandikwe picha za kuta za kila nyumba kabla rola haijashushwa, zenye tarehe na sahihi ya mwenye nyumba na ya mkandarasi.