Zuhura hutugeuzia upande ule ule, na hiyo si hasara tu

Ukipita Buhene, kaskazini mwa Goma, pale moto wa volkano ya Nyiragongo ulipofika Mei 2021, kandambili zako zitakueleza tofauti ya mawe. Kuna ukoko laini unaokanyagika, na kuna miiba myeusi inayokata raba. Rada nayo husoma hivyo: penye mikwaruzo mawimbi hurudi kwa wingi na picha hung'aa, penye ulaini mawimbi huteleza pembeni, pakabaki peusi.

Nataja mawe yetu kwa sababu kila tukizungumza juu ya ramani za Zuhura, nasikia kwamba rada za ardhini, zinazotuma mawimbi huko kutoka hapa Duniani, zimepitwa na wakati. Hoja hiyo ina uzito. Magellan, chombo kilichoizunguka sayari hiyo kuanzia 1990 hadi 1994, kilipenya mawingu yake kwa rada na kuchora asilimia 98 ya uso, kikionyesha vitu vya mita mia na kitu. Arecibo, sahani ya rada ya ardhini ya mita 305 kule Puerto Rico, iliishia kuonyesha vitu vya kilomita moja hadi mbili. Isitoshe, kutoka huku, sehemu mbili za Zuhura, moja kaskazini na nyingine kusini, huweza kurudisha mwangwi unaofanana kabisa, na kuzitenganisha ni taabu.

Lawama isiyoniingia akilini ni ile ya kwamba tunaona upande mmoja tu. Ni kweli. Zuhura hutukaribia kila baada ya siku 584 hivi, na huko, kutoka mapambazuko hadi mapambazuko, hupita takriban siku 117 za kwetu. Zidisha mara tano: unapata karibu 584 hizo hizo. Ndiyo maana kila ikija hutuonyesha uso ule ule. Anayetaka atlasi nzima amekosa. Lakini anayefuatilia volkano anataka nini, kama si kurudi mahali pale pale? Arecibo ilitazama 1988, ikarudi 2012, 2015, 2017 na 2020. Hiyo ni miaka 32, mbele ya minne ya Magellan.

Hapa Goma hesabu hiyo tunaielewa. Nyiragongo ilishusha moto 1977, 2002 na 2021. Mtaalamu ambaye angekaa nasi kuanzia 2003 hadi 2007 tu, hata kwa vifaa bora kuliko vyote, angeondoka bila kuuona moto ukishuka hata mara moja.

Haki itendeke: ushahidi uliotangazwa 2023, wa tundu la volkano karibu na Maat Mons, mlima wa Zuhura, lililobadilika umbo kati ya Februari na Oktoba 1991, ulitoka kwenye picha za Magellan. Lakini ulipatikana kwa kulinganisha picha mbili za mahali pamoja. Kurudia ndiko kulikofichua jambo.

VERITAS na EnVision, vyombo vinavyoandaliwa kwenda huko na rada bora zaidi, naviunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni kuvifanya sababu ya kuacha kutazama kutoka ardhini. Arecibo iliporomoka tarehe 1 Desemba 2020. Zuhura ikatukaribia tena Januari 2022, Agosti 2023 na Machi 2025, na sahani iliyoanza kumbukumbu hizo 1988 haikuwepo kuzijazia.