Mwanangu ana chawa. Mkague na wako

Jumatatu ya ukaguzi wa usafi mwanangu wa darasa la tatu alitolewa mstarini na wenzake wawili, wakasimamishwa mbele karibu na mlingoti wa bendera. Kucha zilikuwa fupi, soksi nyeupe, kola imepigwa pasi. Kosa lilikuwa kichwani. Mchana akarudi na daftari la mawasiliano limeandikwa kwa wino mwekundu: "Mtoto ana chawa. Asirudi mpaka awe msafi."

Hilo neno "msafi" lilinikaa kooni siku tatu. Tanga kwa joto la Februari mtoto anaoga asubuhi na jioni, asipotaka anasukumwa. Nywele zinaoshwa kila Jumamosi kabla ya kusukwa. Chawa hayo hayamhusu. Anachotaka ni damu ya kichwani na unywele wa kushikilia, basi. Uwe umeoshwa au haukuoshwa, kwake ni mamoja. Haruki kama kiroboto, mbawa hana. Anatembea kutoka kichwa kimoja kwenda cha pili pale vinapogusana. Na watoto wa kike wa miaka minane vichwa vyao vinagusana mchana kutwa: dawati moja wamekaa watatu, jioni chuoni wamebanana mkekani juu ya juzuu moja, wakirudi nyumbani wanainamia simu ya mama. Ukiniuliza mimi, mtoto mwenye chawa ni mtoto mwenye marafiki.

Mji huu una mambo. Mtu mzima anajiita chawa wa mheshimiwa, yaani mpambe wake wa kumsifia, anachapisha na fulana, anapigiwa makofi. Aliye na chawa wa kweli, tena mtoto, ndiye anayewekwa mbele ya bendera aone haya.

Lakini kisa chenyewe si kupata chawa. Kisa ni kwamba hawakutoka. Duka la dawa walinipa BBE, ile ya maziwamaziwa ambayo kila nyumba yenye mtoto aliyewahi kuugua upele inaijua. Nikapaka, mtoto akalia kwamba inamchoma (baadaye ndiyo naambiwa kwa mtoto huwa inazimuliwa kwa maji kwanza, waulizeni wauzaji kabla hamjalipa). Asubuhi nikaona chawa wamekufa kwenye taulo. Nikamshukuru Mungu, nikamrudisha shule. Siku ya kumi na moja mkono ukaanza tena kwenda kisogoni na nyuma ya masikio. Nikailaumu shule. Nikapaka tena, wakafa tena, wakarudi tena. Mara ya tatu nilikuwa karibu kumwamini jirani yangu aliyesema chawa wengine ni wa kutumwa.

Hakuna aliyewatuma. Nilikuwa sijui hesabu. Chawa jike anataga mayai kadhaa kila siku, na kila yai analigundisha kwenye unywele, chini kabisa karibu na ngozi ambako kuna joto. Gundi ile haitoki kwa maji wala kwa sabuni. Yai linaanguliwa baada ya siku 7 hadi 9, na aliyeanguliwa, baada ya wiki moja na kitu, naye anataga. Dawa nyingi zinamaliza wanaotembea, mayai zinayaacha mengi mazima. Kwa hiyo mimi nilikuwa naua wazazi, nalala usingizi, wiki ijayo mayatima wanaamka. Dawa ilitakiwa kurudiwa siku ya tisa hivi, wakati wamekwisha kuanguliwa na hawajafika umri wa kutaga. Mimi nilikuwa nairudia nikishaona mtoto anajikuna, yaani nimechelewa. Kuna chawa walio sugu kweli, Ulaya na Marekani wapo wasiosikia tena permethrini, dawa iliyotegemewa miaka mingi. Hao sikatai. Wangu hawakuwa sugu.

Aliyenitoa ni mama yangu, alipokuja kutoka Pangani kutusalimia. Hakuuliza dawa. Aliuliza, "Kitana kiko wapi?" Nikampa chanuo la plastiki la mezani. Akalitazama, akanitazama. "Mwanangu, hapa atapita mbuzi."

Akafungua kibindo akamtuma mtoto wa jirani Ngamiani kununua kitana, kile cha meno yaliyobanana mpaka ukikiinua juani mwanga unapita kwa shida. Akafumua mistari yote, maana dawa na maji vikipita juu ya nywele zilizosukwa huwa vinatembea tu barabarani, nyumbani kwa chawa havifiki. Akazilowesha, akazipaka mafuta ya nazi hadi zikateleza, akakaa kwenye kigoda, mjukuu chini katikati ya magoti yake, kitambaa cheupe kimetandazwa pajani. Fungu moja moja, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani, kisha kitana kinafutwa kwenye kitambaa. Hapo ndipo nilipoona. Waliokomaa walikuwa rangi ya ufuta, wanavuta miguu ndani ya mafuta kama watu waliokwama matopeni. Wadogo walikuwa kama punje ya chumvi yenye miguu. Mama akamchukua mmoja, akamweka kwenye ukucha wa gumba la kushoto, akaja na ukucha wa kulia juu yake. Tk! Methali ya kidole kimoja na chawa nimeiandikia insha tangu shule ya msingi; siku ile ndiyo nilisikia sauti yake.

Saa moja na nusu kwa kichwa kimoja. Nywele za kipilipili zinataka subira na mafuta mengi. Kisha akasema nikae na mimi. Nikacheka. Akanitoa watatu.

Hilo ndilo lililokuwa tundu la pili. Mtoto analala na mimi akiwa na homa, analala na dada yake kila siku, na dada wa kazi ndiye anayemsuka. Mimi nilikuwa namtibu mmoja. Siku moja lazima nyumba nzima ikaguliwe, na mwenye nao atibiwe siku hiyohiyo. Tukachana siku ya kwanza, ya tano, ya tisa, ya kumi na tatu. Nilizizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani, ile ya picha ya msikiti, mpaka wageni wakauliza kama kuna mtu anahesabu ujauzito.

Yale maganda meupe yanayobaki yakupe hofu kidogo tu. Yai likiwa mbali na ngozi, sentimita moja na zaidi, mara nyingi ni ganda tupu linaondoka na unywele unavyokua. Wengi wanayaona, wanadhani vita haijaisha, wanampaka mtoto dawa mara ya nne na ya tano hadi ngozi inababuka. Tafuta anayetembea. Na kama unadhani ni mba, pukuta: mba inaanguka, yai litang'ang'ania.

Sasa mafuta ya taa. Najua mnayafikiria kwa sababu kila mara nikisimulia habari hii kuna shangazi mmoja anayataja. Mama alinipaka mimi nikiwa darasa la kwanza, akanifunga kitambaa cha plastiki, nikalala nayo. Ngozi ya shingoni ilichubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nilipomkumbusha alinyamaza, kisha akasema, "Tulikuwa na jiko la mkaa palepale." Hakuongeza neno. Dawa ya kupulizia mbu ni hivyohivyo. Ile imetengenezwa kwa ajili ya chumba, si kichwa cha mtoto anayevuta hewa chini yake.

Godoro nalo msilichome. Chawa wa kichwani akianguka hana maisha, siku moja au mbili amekufa kwa njaa. Foronya, shuka, hijabu na kofia za shule zifue kwa maji ya moto, anika juani, yatosha. Hofu ya nguo tumeirithi kutoka kwa ndugu yake, chawa wa mwilini, anayeishi kwenye pindo za nguo. Yule ndiye muuaji. Ndiye aliyesambaza homa ya tifasi makambini Burundi miaka ya 1990, kwa watu waliokimbia vita wasiopata nguo ya kubadili wala maji. Huyu wa kichwani anasumbua, anakosesha usingizi, mtoto akijikuna sana anapata vidonda. Magonjwa kama yale haleti.

Ndiyo maana ile "asirudi mpaka awe msafi" naipinga. Anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, mwili haujayajua mate yao. Mwalimu anapowaona Jumatatu, mtoto amekwisha kukaa nao dawatini mwezi mzima. Ukimfungia nyumbani siku tatu unamkosesha hesabu za kugawanya, chawa wa darasani wako palepale. Uingereza, huduma ya afya ya taifa inawaambia wazazi kabisa kwamba mtoto mwenye chawa hana haja ya kubaki nyumbani. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema hivyohivyo. Kunyoa kunafanya kazi, sibishi. Mimi nimesoma na kipara hadi darasa la saba na niko hai. Ila wanyolewe wote kwa utaratibu unaojulikana, isiwe mkasi kwa yule aliyekamatwa.

Basi usiku nikaandika kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, lile la michango na picha za mahafali: "Jamani, mwanangu ana chawa. Tumeanza kuchana jana. Naomba kila mtu amkague wake, twende siku moja, la sivyo watazunguka tu." Alama za kusomwa zikajaa. Kimya. Mtu akaleta dua ya Ijumaa, na ilikuwa Jumatano. Nikajua nimejiaibisha.

Kisha simu ikaanza kutetemeka pembeni, mmoja mmoja, faraghani. Wa kwanza akaanza na salamu ndefu. Wa pili akasema ni kwa mtoto wa dada yake. Wa tatu alikuwa mama wa mmoja wa wale waliosimama bendera na mwanangu: "Mama, huu mwezi wa tatu nahangaika nao. Nilidhani ni mimi tu." Kufikia saa nne usiku walikuwa saba.

Kitana cha Ngamiani nilikichemsha nikampa huyo wa tatu. Akampa mwenzake, na huyo akampa wifi yake wa Makorora. Juzi nimekidai. Nimeambiwa nivumilie mpaka Jumapili, ndiyo siku yao ya tisa.