Kinyama cha Pili Si Kupoteza Muda

Mgonjwa mwenye vinundu vigumu chini ya ngozi ya mapaja na homa isiyokoma anapoambiwa kwamba kinyama alichokatwa (kipande kidogo cha mwili kinachopelekwa maabara kuchunguzwa) hakikutosha, na kwamba lazima akatwe tena, ndugu zake huona madaktari wanasitasita huku saratani ikienea. Hofu hiyo ina msingi. Limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, ikiwa ni ya seli T za aina ya gama-delta, huweza kuua katika mwaka mmoja na ushei, na tibakemikali ikichelewa, nafasi ya kufikia upandikizaji wa uboho hupungua.

Lakini haraka ya kutibu nini? Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya wakiongozwa na Rein Willemze walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 83 wa limfoma za mafuta ya chini ya ngozi, ambazo zamani ziliitwa kwa jina moja. Wenye seli T za aina nyingine, alfa-beta, asilimia 82 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wenye gama-delta, asilimia 11. Vinundu ni vilevile, mahali ni palepale, na tofauti ni 82 kwa 11. Wa kwanza mara nyingi hutulizwa kwa dawa za kupunguza nguvu ya kinga, yaani prednisoloni au siklosporini, na kumpa tibakemikali nzito ni kumuumiza bure. Wa pili akipewa vidonge hivyo peke yake, anapoteza miezi ambayo hatarudishiwa. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Inahitaji kinyama kilichokatwa kwa kina hadi kwenye mafuta, kisha kipimwe vipokezi vya seli T, vile vinavyobainisha alfa-beta na gama-delta. Kipande cha juujuu hakiwezi kujibu.

Vivyo hivyo, limfoma kali ya seli za CD8 (kundi jingine la seli T) na aina D ya papulosi ya limfu (ugonjwa wa vipele vya ngozi) huweza kufanana kabisa chini ya hadubini, ingawa ya pili haiui. Hapo kinachoamua ni historia: je, vipele hupona vyenyewe baada ya wiki chache? Picha alizojipiga mgonjwa zinaweza kuwa na thamani kuliko kipimo kingine.

Hali moja tu hainiruhusu kutetea subira: kinga inapogeuka kuharibu seli za damu, ini na wengu vikavimba. Hapo steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni) zianze siku hiyohiyo, ila kinyama kikatwe kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dawa hizo hufifisha ugonjwa kwenye sampuli.